Kabla Hujapokea Pesa za Kampeni, Nisikilize

Juzi kijana mmoja ameniandikia. Anautaka uwakilishi wa wadi mwaka 2027, na kuna kampuni imejitolea kumchapishia mabango. Achukue ama aache? Ndugu yangu, mimi nilichukua, na hadi leo naona aibu.

Mwaka 2022 niligombea huku kwetu pwani nikiwa na neno moja: vumbi la timbo. Mashine zilikuwa zikisaga kokoto mchana kutwa, kina mama wakianua nguo kama zimemwagiwa unga, watoto wakikohoa usiku. Katika mkutano wangu wa kwanza nilisema timbo lifuate sheria ya mazingira au lifungwe. Watu walishangilia mpaka kipaza sauti hakikusikika.

Wiki mbili kabla ya kura nilikuwa nimekauka. Sina mafuta ya gari, sina nauli wala chakula cha mawakala. Meneja wa timbo akaja nyumbani usiku na bahasha. Hakunitilisha sahihi popote. Alisema tu, "Mheshimiwa, tuko pamoja."

Kesho yake nikahutubia juu ya basari na ajira za vijana. Hakuna aliyeniamuru ninyamaze. Ulimi wenyewe ulijua pa kupita. Bibi mmoja akauliza, "Na vumbi je, mwanangu?" Nikamjibu kwamba tutakaa na mwekezaji tuzungumze. Jana lilikuwa timbo, leo ni mwekezaji!

Usitegemee sheria ikuzuie. Sheria ya Ufadhili wa Kampeni hapa Kenya ilitungwa mwaka 2013, utekelezaji wake ukasimamishwa kabla ya uchaguzi wa 2017. Mwaka 2021 tume ya uchaguzi, IEBC, ikatangaza viwango vya juu vya matumizi ya kampeni, shilingi bilioni 4.4 kwa mgombea urais, Bunge likavikataa. Mimi hakuna aliyeniuliza bahasha ilitoka wapi.

Basi changisha kwa watu wako, hata shilingi hamsini hamsini kwa M-Pesa. Anayekupa kikubwa, mtaje jukwaani. Akikataa kutajwa, mrudishie. Na kila ukipokea, rudia hotuba yako ya wiki iliyopita kwa sauti, usikilize ni neno gani limekuwa zito kulitamka. Vijana, msijidanganye kwamba mtakula kwanza kisha mseme baadaye. Nilijidanganya hivyo hivyo.

Nilishindwa. Bibi yule tukikutana hunisalimia vizuri, hunijulia hali ya watoto. Vumbi hajaniuliza tena.