Ukienda Lamu kwa sherehe, anza na nyumba

Wengi wanaokwenda Lamu kwa Maulidi au kwa tamasha la Novemba huingia makumbusho pale jua la saa saba linapowashinda. Huzunguka vyumba kwa robo saa, hupiga picha mlango uliochongwa, huuliza choo kiko wapi, kisha hao wanatoka. Mimi ni mtu wa Mombasa, na kila mwaka kuna jamaa au rafiki anayenitaka nimpangie safari ya Lamu, kwa hiyo ushauri huu nimeshautoa kwa mdomo mara nyingi: fika siku mbili tatu kabla ya shamrashamra, maliza nyumba kwanza, ndipo uingie barabarani. Mengi utakayoyaona uwanjani yana kwao, na kwao ni ndani ya nyumba zile.

Nyumba ya kuanzia ni Makumbusho ya Lamu yenyewe, ile iliyo pwani kabisa, yenye baraza la juu linaloitazama bahari. Ilijengwa karne ya 19 ikielekea ukingoni, na muda haukuwa wa kubahatisha. Mwaka 1885 Wajerumani walijitwalia ulinzi wa Witu, usultani mdogo uliokuwa upande wa bara, si mbali na hapa. Mwaka 1888 wakafungua posta yao Lamu, ambayo jengo lake nalo ni makumbusho siku hizi. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani wakaandikiana mkataba Ulaya, Witu ikawa ya Waingereza, na mwaka uliofuata ile posta ikafungwa. Kuanzia 1895 ukanda wa pwani ulitawaliwa na Uingereza kwa kodi iliyolipwa kwa Sultani wa Unguja, na maofisa wake waliokuwa Lamu walikaa kwenye nyumba hii hadi uhuru wa 1963.

Kabla ya kutazama chochote kilichowekwa kwenye kabati la kioo, panda juu ukasimame barazani. Ukiangalia mbele unaona mkondo wote kati ya Lamu na kisiwa cha Manda. Hakuna jahazi wala mashua itakayopita bila wewe kuiona, na hakuna mpita njia wa pwani ambaye hatakuona wewe ukiwa umekaa pale juu. Nyumba ya mtawala ilikuwa na kazi hiyo, kuona na kuonekana. Simama hapo hadi upepo ukupoze, maana unakoelekea ni kwenye nyumba ya namna nyingine kabisa.

Nyumba ya pili iko ndani ya mji, mtaa wa Mkomani. Ni nyumba ya Kiswahili ya karne ya 18 iliyokarabatiwa ikawa makumbusho. Utaipata kwa kuuliza, na hata ukipotea hukupoteza kitu, kwa kuwa vichochoro vya Mkomani ni sehemu ya unachokwenda kutazama. Mji huu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001 kwa sababu ya mitaa hiyo hiyo na watu ambao bado wanaishi ndani yake.

Nyumba hii haitazami mtu. Upande wa njia ni ukuta mtupu wa mawe ya matumbawe na chokaa, na mlango wenye daka, yaani kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili. Mgeni wa kiume aliketi pale daka, na wengi hawakuvuka hapo. Ukiingia ndani njia inapinda, kwa hiyo hata mlango ukiwa wazi mpita njia haoni kitu. Unatokea uani kwenye mwanga, halafu misana miwili imefuatana, msana wa chini na msana wa juu, kisha ndani, chumba cha mwenye nyumba. Kadiri unavyosogea ndivyo mwanga unavyopungua na mambo yanavyozidi kuwa ya faragha. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, na sababu utaiona ukiinua macho: dari imebebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba hauwezi kuupita urefu wa boriti.

Mwisho kabisa kuna zidaka, vile vishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu kwenye ukuta wa lipu iliyochongwa, ambamo kaure na vitu vya thamani vilipangwa. Watu hupiga picha zidaka na kuondoka. Usiondoke upesi. Nenda chooni ukatazame birika la maji, umuulize mwongozaji habari za samaki wadogo waliokuwa wakifugwa humo ili wale viluwiluwi vya mbu. Watoto nilioandamana nao walisahau zidaka zote, samaki wa birika bado wanawasimulia.

Chukua mwongozaji wa makumbusho, si kijana aliyekudaka gatini. Sisemi vijana wa gatini hawajui kitu, wako wanaojua sana. Ila wa makumbusho hatakukatisha ziara ili akupeleke dukani kwa nduguye. Na usimwache ahutubie, muulize. Shangazi yangu, ambaye hajawahi kuisikiliza hotuba yoyote hadi mwisho, alimkatiza mwongozaji pale pale kwenye zidaka: "Mwanangu, haya yote mazuri. Na waliokuwa wakipika na kufua walilala wapi?" Yule kijana akacheka kidogo, akasema, "Shangazi, hilo swali wageni hawaulizi." Kuanzia hapo ziara ikawa ziara. Alitueleza kwamba nyumba za waungwana zilisimama kwa mikono ya watumwa, tukazungumza jinsi utumwa ulivyokuja kufutwa kisheria kwenye pwani hii mwaka 1907, wakati Waingereza tayari wamekaa kwenye baraza lao kwa miaka mingi. Swali hilo hilo linafaa kuulizwa kwenye nyumba zote mbili. Vibao vya ukutani havitakujibu, watu watakujibu.

Sasa rudi kwenye kabati za vioo za makumbusho ya pwani, na hapa ndipo sherehe inapoanzia. Tafuta siwa. Kuna siwa ya shaba ya Lamu, na kuna ile ya kisiwa cha Pate ya pembe za ndovu, ambayo urefu wake unampita mtu mzima. Kwa anayeiona mara ya kwanza ni baragumu kubwa lililochongwa vizuri, basi. Lakini siwa haikupulizwa na mtu yeyote tu wala siku yoyote tu: ililia kwenye harusi na sherehe za wenye mji, na kuruhusiwa kulizwa siwa kulikuwa kutambuliwa kuwa wewe ni nani. Ukishalijua hilo, utaitazama kwa jicho jingine kila shughuli ya Lamu yenye ngoma na maandamano, nani yuko mbele, nani anafuata, nani anacheza na nani anatazama.

Halafu tafuta mfano wa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila misumari na kusafiri kwa tanga la mkeka. Visiwa hivi vilikuwa na sifa ya kuunda mitepe. Haipo tena baharini, lakini ukiwa umeutazama vizuri utayaona mashindano ya majahazi kwa namna nyingine: vijana wanaketi kwenye ubao uliotokeza nje ya chombo ili kisipinduke, nahodha anafoka, pwani nzima inapiga kelele. Mtu asiyejua chochote ataona matanga meupe mazuri. Wewe utaona mafundi.

Kuhusu wakati wa kwenda, misimu ni miwili na haifanani.

Maulidi huja Mfungo Sita, na kilele chake Lamu ni juma la mwisho la mwezi huo. Kwa kuwa mwezi ni wa Kiislamu, kwenye kalenda ya kawaida tarehe hurudi nyuma takriban siku kumi na moja kila mwaka. Miaka ya karibuni imeangukia Septemba na Oktoba, na inaelekea Agosti. Usinunue tiketi kwa kukisia, uliza Lamu kwanza. Mwasisi wa Maulidi haya kwa sura yanayojulikana leo ni Habib Swaleh, mwanachuoni mwenye asili ya Ngazija aliyehamia Lamu karne ya 19 na kuasisi Riyadha, msikiti na chuo. Alifariki mwaka 1935, na ziyara ya kaburi lake ni sehemu ya siku hizo. Utasikia matwari na kasida, utaona goma la wanaume wenye bakora wakienda kwa madaha, na utaona pia mbio za punda na michezo mingine. Wageni hutoka Mombasa, Malindi, Tanga, Unguja, Ngazija na kwingineko, na nyumba za mji hujaa jamaa hadi kwenye dari.

Hii ni ibada kabla ya kuwa burudani, na asiyekuwa Mwislamu anakaribishwa mradi alielewe hilo. Vaa vazi la heshima. Usimwelekezee mtu kamera yuko katika dhikri kana kwamba ni mapambo. Ukitaka picha ya mama aliyevaa buibui, omba, na akikataa amekataa. Mwanamke anayekwenda peke yake afadhali ajiunge na kina mama, watampa nafasi ya kukaa na chakula juu yake. Hilo nalisema kwa hakika.

Tamasha la utamaduni la Lamu ni la Novemba kwa kawaida. Lilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ni la siku chache: mbio za punda, mashindano ya majahazi, kuogelea, bao, mashairi, hina, vyakula, taarabu usiku. Kwa familia yenye watoto, mimi huwaambia waende hili. Limepangwa kwa watazamaji, linafuatika kirahisi, na uwanja wa mbele ya ngome ndio kitovu. Ngome yenyewe ilimalizika kujengwa mwaka 1821, ikawa jela kuanzia 1910 hadi 1984, kwa hiyo wazee wa mji wanaikumbuka vizuri kama jela, na si wote wanaoipenda. Iingie asubuhi kabla uwanja haujajaa. Lakini ukiniuliza mimi moyoni napenda ipi, ni Maulidi. Tamasha mji unakuonyesha. Maulidi mji unajifanyia wenyewe, nawe umepata bahati ya kuwapo.

Mbio za punda hupita pwani, na ukitaka kuona usibanane mwisho wa mbio ambako kila mwenye simu amejipanga. Rudi nyuma kidogo kwenye ile njia, panapokuwa na ukuta wa kuegemea. Punda wa Lamu hubeba mawe na saruji mwaka mzima, na siku hiyo wengine hukumbuka ghafla kwamba hawajakubaliana na safari. Mtoto mdogo mshike mkono.

Mambo ya njiani nayataja kwa kifupi. Kwa basi unashukia Mokowe na kuvuka kwa boti, kwa ndege unatua Manda na kuvuka vilevile. Msimu wa kusi bahari huchafuka, kwa hiyo vaa jaketi la kuokolea hata kama wenyeji hawavai. Siku za sherehe panga malazi mapema sana, na mara ufikapo jipangie na safari ya kurudi, kwa kuwa siku ya mwisho kila mtu huondoka kwa pamoja. Novemba mvua za vuli zinaweza kukukuta, na vichochoro vya mawe vikilowa huteleza. Viatu viwe na soli ya kushika, si ndara. Magari ya kukubeba mjini hakuna, kuna hamali na punda, na bei ya mzigo semezaneni kabla haujanyanyuliwa.

Makumbusho yote haya yako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Viingilio vinatofautiana kati ya raia, mkazi na mgeni wa nje, basi chukua kitambulisho, la sivyo utajikuta unabishana dirishani kuhusu uraia wako na watu wamepanga foleni nyuma. Malipo siku hizi hupitia simu, hivyo simu iwe na chaji na salio. Uliza pia tiketi inakuingiza nyumba ngapi, usidhani moja inafungua zote. Nenda asubuhi mapema. Nyumba ya pwani uione siku moja na ya Mkomani siku hiyo hiyo, wakati baraza la kwanza bado liko kichwani. Ngome na ile posta ya Wajerumani zinaweza kungoja kesho yake.

Na ukimpata mwongozaji mzuri, chukua namba yake ya simu. Sherehe ikianza umwulize ni mtaa gani una goma usiku huo, kwa sababu ratiba iliyobandikwa ukutani huwa haijui.