PC ya gemu kukataliwa na Windows 11: usinunue mazabodi bado

Mkuu wa Bagamoyo, nimesoma swali lako. Una Ryzen 5 2600, mazabodi ya B450, GTX 1060, RAM GB 16 na Windows 10. Ukitaka kupanda Windows 11 unaambiwa mashine haifai, na fundi amekushauri ununue mazabodi na prosesa mpya. Usitoe hela hiyo. Prosesa yako imo kwenye orodha ya Microsoft ya zinazokubalika. Kinachokukwamisha karibu hakika ni mipangilio ya BIOS (programu ya mazabodi inayoiwasha PC) na jinsi diski ilivyogawanywa. Niko Tanga, Ngamiani, na tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 nimekuwa nikiwasaidia vijana wa mtaani kupandisha PC zao. Kesi kama yako ndiyo inayokuja sana.

Windows 11 inadai TPM 2.0 (kifaa cha kutunza funguo za usalama), na mashine iwe na uwezo wa UEFI (BIOS ya kisasa) na Secure Boot (ukaguzi wa usalama wakati PC inawaka). TPM unayo tayari, imo humo humo ndani ya prosesa. Kwa AMD inaitwa fTPM, kwa Intel inaitwa PTT. Mazabodi nyingi za wakati ule zilikuja ikiwa imezimwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, uone inasemaje. Kisha fungua msinfo32 utafute mstari wa BIOS Mode. Ukikuta Legacy, hapo ndipo kazi ilipo.

Legacy maana yake PC inawaka kwa njia ya zamani, na diski yenye Windows iko katika mtindo wa MBR, wakati UEFI inataka GPT. Mafundi wengi wakifika hapa wanafomati na kupiga Windows upya, na kijana anapoteza kila kitu alichokiweka C. Hakuna haja. Windows 10 ina zana yake ya kugeuza diski kutoka MBR kwenda GPT bila kufuta kitu. Nakili kwanza mafaili yako muhimu pembeni, hilo halina mjadala. Angalia namba ya diski kwenye Disk Management, halafu fungua Command Prompt kama msimamizi uandike:

mbr2gpt /validate /disk:0 /allowFullOS

Ikijibu kwamba ukaguzi umekamilika salama, rudia amri ile ile ukiweka /convert mahali pa /validate. Ikigoma, mara nyingi sababu ni patisheni kuzidi tatu. Diski yako ya pili yenye gemu iache ilivyo, haihusiki.

Baada ya hapo ndipo uingie BIOS: zima CSM (inayoruhusu kuwaka kwa njia ya zamani), washa fTPM, washa Secure Boot. Usibadilishe mfuatano huu, diski kwanza kisha CSM. Ukizima CSM kabla ya kubadili diski, PC haitaiona Windows kabisa, na utadhani imekufa. Kwa wengine mnaosoma mkiwa na kadi za picha za zamani sana: kuna kadi zisizoijua UEFI. Niliona moja hapa, CSM ilipozimwa feni zikazunguka, taa zikawaka, kioo cheusi. Tulichomoa umeme, tukatoa betri ya CR2032 kwenye mazabodi kwa dakika chache, tukairudisha, picha ikarudi. GTX 1060 yako haina shida hiyo.

Sasa jambo linalowahusu sana watu wa Ryzen. Mwaka 2022 AMD walikiri kwamba fTPM inaweza kufanya mashine isite kwa kushtukiza katikati ya gemu, picha na sauti pamoja. Dawa yake ni BIOS mpya, yenye AGESA (sehemu ya BIOS inayotoka AMD) toleo la 1.2.0.7 au la baadaye. Kwa hiyo ipandishe BIOS kwanza, kabla ya kugusa mipangilio mingine. Lakini tafadhali, usifanye hivyo bila UPS. Umeme ukikatika katikati ya kuandika BIOS, mazabodi inaweza isiwake tena, na hapo ndipo utainunua kweli. Kama umewasha BitLocker (kinga ya Windows inayofunga diski kwa ufunguo), isimamishe kwanza na ufunguo wake uuandike kwenye karatasi.

Kupandisha kwenyewe ni kwepesi. Faili la ISO, yaani kifurushi kizima cha Windows 11, linazidi GB 5, kwa hiyo lishushe mara moja kwenye intaneti ya uhakika, uliweke kwenye flashi, bando lako lipone. Lifungue ukiwa ndani ya Windows 10, endesha setup, chagua kubaki na mafaili na programu. Usipoipenda, una siku 10 za kurudi nyuma.

Kwa wanaocheza Valorant: kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot. Zile njia za mkato za kuruka ukaguzi wakati wa kupiga Windows zitakuingiza, ila gemu itakutoa. Ndiyo maana simshauri mchezaji azitumie. Mwenye prosesa isiyo kwenye orodha, kama nyingi za Intel kizazi cha saba, ni afadhali ajiandikishe kwenye mpango wa Microsoft wa usalama wa ziada wa Windows 10, unaomfikisha Oktoba 2026, huku akijipanga.

Na hiyo hela ya fundi, kama unayo kweli, nunua UPS. Kinachobaki kiweke akiba ya kadi ya picha, maana NVIDIA wameacha kutoa draiva mpya za gemu kwa kizazi cha GTX 10. Kilichobaki ni za usalama tu hadi Oktoba 2028.

Weka hapa picha ya msinfo32 na jina kamili la mazabodi, nikuonyeshe fTPM na CSM zimejificha kwenye menyu ipi.