Safari ya choo saa nane usiku

Jajja, yaani bibi au babu, akishateleza mara moja, nyumba nzima humgeukia: keti hapo, usitoke, utaletewa. Nia ni njema, ila miguu isiyotembea huisha nguvu upesi, na baada ya wiki chache mzee huyo huyo hawezi kuinuka kitini bila kushikwa. Mwacheni atembee, tengenezeni njia zake, hasa ile ya choo usiku.

Safari hiyo huanzia kitandani. Mtu akisimama, damu hushukia miguuni. Mishipa ya kijana hujikaza papo hapo. Ya mzee huchelewa, na baadhi ya dawa za presha huichelewesha zaidi. Basi aketi ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, apandishe na kushusha nyayo mara 10, asimame akishika kitu, ahesabu hadi kumi ndipo apige hatua. Kizunguzungu kikizoeleka, apimwe presha akiwa amelala, kisha amesimama, dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, daktari aitazame dozi. Asiache dawa mwenyewe.

Taa ya sola ikae mkononi mwake kitandani, si mlangoni. Udongo wa milimani Kabale au Mbale, huku Uganda, ukinyeshewa ni sabuni tupu, kwa hiyo mwaga changarawe hadi chooni. Kwenye choo cha kuchuchumaa, chimbia nguzo ya kushika. Usipigilie kishikio kwenye ukuta wa udongo, maana kitang'oka siku atakapokiegemea kwa uzito wote. Ndala zilizolika tupa. Na gomesi, lile gauni refu la kike la mshipi, kwa uzuri wake wote, ifungwe mshipi juu kidogo ili pindo lisikanyagwe.

Fimbo nyingi ni ndefu mno. Mzee asimame na viatu vyake, mikono ikining'inia: kichwa cha fimbo kifike kwenye kifundo cha mkono, basi. Goti la kulia likiuma, fimbo ishikwe kushoto, iende mbele pamoja na mguu mbovu. Chini ivalishwe mpira, na ukilika ubadilishwe.

Zoezi ni kiti tu, kizito, kimeegemezwa ukutani. Ainuke na kuketi mara 10 bila kutumia mikono. Kushuka kuwe polepole, asijiangushe, kwani hapo ndipo paja linapofanya kazi. Akishindwa, aanze kwa kujisukuma na mikono. Kisha ashike kiti, ainue visigino mara 10. Mwisho kisigino kimoja kiguse vidole vya mguu wa nyuma, sekunde 10, mtu akiwa karibu. Siku tatu kwa wiki.

Akianguka, na mguu ukaonekana mfupi na umegeukia nje, huenda nyonga imevunjika. Msiuvute, msiukande, na msimpakie bodaboda. Mlazeni juu ya ubao au mlango uliong'olewa, mtafute gari.