Swali la lugha: "Nyakati za sumaku" za viini?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Natafsiri makala ya fizikia kuhusu kupima sumaku ya viini vya atomu visivyodumu. Programu ya kutafsiri imenipa "nyakati za sumaku za viini visivyotulia", na njia ya kupima ikaiita "mwangwi wa sumaku". Je, niyaache hivyo?

JIBU: Marahaba. "Nyakati" zifute leo hii. Neno la Kilatini "momentum" lina asili yake katika kitenzi cha kusogeza, na wanafizikia wameishika maana hiyo ya mwendo, si ile ya saa. Aliyesoma habari za wenzo ameshakutana na momenti: uwezo wa nguvu kugeuza kitu. Momenti ya sumaku nayo hueleza jinsi kiini kinavyoelekea kugeuzwa na uga wa sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku inafanya kazi. Iweke katika ngeli ya I-ZI: momenti hii, momenti hizi.

"Visivyotulia" ndiyo iliyonikalisha kitako, kwa sababu ukiisoma haraka inapita. Basi tuipeleke maabara. Chukua lithi-8, aina mojawapo ya kiini cha elementi ya lithi, ambayo nusu-uhai wake (muda wa nusu ya viini kuoza) ni sekunde 0.84 hivi. Spini za viini vyake, yaani ule mzunguko wa asili unaokifanya kiini kiwe kama sumaku ndogo, huelekezwa upande mmoja, kisha viini hufyatuliwa viingie ndani ya fuwele iliyowekwa katika uga wa sumaku. Kiini kikishazama humo, kinakaa palepale kilipokwama. Kimetulia tuli! Kinachokifika ni kuoza, yaani kugeuka chenyewe kuwa kiini kingine, na kikioza kinatoa elektroni. Elektroni hizo hazisambai sawa: upande mmoja hutoka nyingi kuliko wa pili, upendeleo uliothibitishwa na jaribio la mwanafizikia Chien-Shiung Wu na wenzake, lililotangazwa mwaka 1957.

Hapo wapimaji hutuma mawimbi ya redio, wakibadilisha masafa yake (idadi ya mitetemo kwa sekunde) kidogo kidogo. Yakiafikiana na masafa ambayo spini inayumba kwayo katika uga, mpangilio wa spini unavurugika na ule upendeleo wa elektroni unafifia. Kwa lithi-8 jambo hili hutokea kwenye megahezi 6.3 hivi kwa kila tesla moja, kizio cha kupimia uga wa sumaku. Spini ya kiini ikijulikana, masafa hayo yanatosha kukokotoa momenti.

Kwa hiyo mtu akiandika "kisichotulia", msomaji ataona kitu kinachohangaika huku na huko, kumbe kipimo kizima kinategemea kiini kilichotulia. "Kisicho imara" nacho hakinitoshi. Imara tunausifia mlango usiovunjika kwa kishindo, ilhali kiini hiki huoza bila kuguswa na yeyote. "Kisicho thabiti" ninakikubali. Lakini rudi ukasome swali lako: kabla hujainukuu programu, umeandika mwenyewe "visivyodumu". Hilo ndilo! Kasoro ya viini hivi ni umri wao tu, na neno lako limeigusa.

Mwangwi ni sauti iliyogonga ukuta ikarudi. Katika kipimo hiki hairudi sauti wala wimbi. Masafa mawili yanaafikiana na spini zinapinduka. Tena ukilitumia neno hilo hapa, utalikosa pale linapohitajika kweli: mwaka 1950 mwanafizikia Erwin Hahn alieleza mbinu ambamo spini zilizotawanyika hukusanyika upya na kutoa ishara ya pili baada ya muda. Huo ndio mwangwi wa spini. Njia yako wewe iite resonansi ya sumaku ya nyuklia; resonansi ndiko huko kuafikiana kwa masafa.