Maswali ya gereji: kutu ya pwani na magari ya wazee wetu

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa watu waliorithi gari au waliolikuta limetelekezwa uani kwa mtu, na sasa wanataka lirudi barabarani. Nimechagua zile zinazogusa wengi.

Shikamoo Fundi. Marehemu baba ametuachia Peugeot 504, imekaa chini ya mwembe hapa Kigamboni miaka mingi. Milango na vizingiti vya chini vimeota kutu. Fundi bodi wa mtaani anasema atakwangua, atapiga pati (ule uji mzito wa kuzibia mashimo ya bodi) na rangi, na baada ya wiki mbili nachukua gari. Nimpe kazi? (Msomaji, Kigamboni)

Marahaba, na pole kwa kuondokewa na mzee. Kazi hiyo usimpe kwa maelezo hayo.

Kutu unayoiona nje ya mlango ilianzia ndani. Mvua inapita pembeni mwa kioo, inateremka ndani ya mlango na inatakiwa itokee kwenye vitundu vilivyo chini kabisa. Majani ya mwembe na vumbi vikiviziba, maji yanalala humo. Na Kigamboni hewa yenyewe ina chumvi, ambayo huharakisha kutu kuliko maji matupu. Sasa pati ina tabia ya kunyonya unyevu. Ukiipaka juu ya kutu, gari litapendeza mpaka mvua zinyeshe, kisha utaona malengelenge yale yale, mahali pale pale.

Kabla ya kukubaliana bei, chukua sumaku ndogo, ifunge kwenye kitambaa, uipitishe bodi nzima. Isiposhika, hapo kuna pati nene ya zamani. Halafu gonga vizingiti kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia. Lililooza hutoa sauti butu na chenga za kutu humwagika chini.

Palipooza panakatwa hadi kwenye bati linalong'aa, kisha kinachomelewa kipande kipya cha unene ule ule, kama milimita 0.8 hadi 1. Mashine ya kawaida ya vijiti hutoboa bati la hivyo, kwa hiyo tafuta fundi mwenye MIG, ile mashine ya kuchomelea kwa waya mwembamba, achome nukta nukta akihamahama ili joto lisilipinde. Na jambo ambalo wengi hawalijui: 504 ya saluni (gari dogo la kawaida, si pikapu) haina chesisi ya kujitegemea, bodi ndiyo inayobeba gari. Ukikata kizingiti bila kwanza kuchomelea vyuma vya kushikilia kwenye uwazi wa mlango, gari linalegea katikati, na milango haitafunga tena vizuri hata ukiipigia magoti.

Bati tupu lisilale. Kwa unyevu wa Dar, ulichosugua asubuhi jioni kimeshaanza kubadilika rangi. Lipigwe praima ya epoksi (rangi ya kwanza ya kulinda bati) siku hiyo hiyo, pati ije juu yake, nyembamba, isizidi milimita 3. Ndani ya vizingiti pulizia nta ya kuzuia kutu. Oili chafu ni afadhali kuliko kuacha patupu, lakini ina asidi na inakula mipira.

Ni kazi ya miezi, si ya wiki mbili. Gari lenyewe linastahili: 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na kabla yake Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, alishinda na 404 mwaka 1966 na 1967.

Gari langu limeishia kwenye praima ya kijivu, hela imekata. Linaweza kukaa nje hivyo hivyo mpaka masika yapite? (Msomaji, Tabata)

Muulize fundi alipiga praima gani. Akikujibu "praima tu", hesabu kwamba ni ile ya kujazia mikwaruzo, na hiyo ina vinyweleo. Maji yanapenya hadi kwenye bati, na utakuja kulipa kusugua upya kila kitu. Epoksi huzuia maji, ingawa jua huifanya ichujuke. Kwa hiyo tafuta hela ya koti moja la epoksi, au mwombe mtu banda. Turubai linalolala juu ya bodi usilitumie, linafungia unyevu chini yake.

Rangi ya mwisho isubiri Juni hadi Septemba, hewa inapokuwa kavu kidogo. Ukipuliza asubuhi ya mvua rangi hupauka, inatoka na ukungu mweupe. Fundi amwage maji ya kwenye tangi la kompresa kabla ya kuanza. Na zile rangi za kuchanganya na hadena (dawa ya kuigandisha rangi) zina kemikali inayoumiza mapafu; kitambaa cha mdomoni hakisaidii kitu. Inatakiwa barakoa yenye vichujio maalumu. Kijana wa spreya naye ana familia.

Nimeuziwa Land Rover Series III. Muuzaji anasema haina kutu kwa sababu ni aluminiamu. Kweli? (Msomaji, Goba)

Nusu kweli. Paneli nyingi za bodi ni aluminiamu, chesisi ni chuma, tena cha boksi kinachooza kutokea ndani. Lala chini, gonga ile boriti ya nyuma kabisa na sehemu zinazoshika springi. Tazama pia mahali aluminiamu inapokutana na chuma, kama sehemu ya chini ya milango: hapo metali mbili zikilowana, aluminiamu inaliwa na kuwa unga mweupe. Kama chesisi imekwisha, rudisha gari urudishiwe hela.

Nina Volkswagen Beetle. Abiria mnene akikaa nyuma nasikia harufu ya kuungua. Fundi umeme anataka kung'oa nyaya zote. (Msomaji, Magomeni)

Usimpakie mtu nyuma kuanzia leo. Betri ya Beetle iko chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Springi za kiti zikichoka zinashuka, na uzito ukizidi zinagusa vichwa vya betri. Hiyo ni shoti, na vile vilivyojazwa kwenye kiti vinashika moto haraka. Kiwandani waliweka kifuniko juu ya betri, lakini vingi vimepotea. Weka kingine, hata cha mpira mzito, ufunge betri isicheze, na usinunue betri ndefu ya gari jingine kwa sababu tu ni rahisi. Ukishainua kiti, kagua pia sakafu chini ya betri; asidi huwa imeshaila.

Nyaya zote? Pinda waya mmoja wa zamani. Mpira ukipasuka kama biskuti, ng'oa zote. Usipopasuka, anza na boksi la fyuzi, usugue vishikio vyote, kisha uende kwenye ethi, yaani pale nyaya zinapofungwa kwenye bodi ili umeme urudi betri. Magari yaliyotoka kupigwa rangi yana ugonjwa huu: fundi rangi amepaka hadi chini ya bolti za ethi, taa zinafifia, mwenye gari anauziwa altaneta (mashine ya kuchaji betri) bila sababu. Kwangua rangi chini ya bolti, kaza, kisha paka grisi. Beetle nyingi za kabla ya 1967 ni volti 6, kwa hiyo soma kwenye balbu kabla ya kwenda dukani.

Fundi amenifungia nyaya mpya kwenye Land Rover, zote nyekundu. Kuna shida? (Msomaji, Mbezi)

Shida itamkuta fundi atakayemfuata. Kwenye mfumo wa nyaya wa Lucas, ambao Land Rover yako ilitoka nao kiwandani, kahawia ni moto (umeme) wa moja kwa moja kutoka betri, nyeupe ni moto wa baada ya swichi, kijani umeshapita kwenye fyuzi, nyeusi ni ethi. Mwambie abandike alama kwenye kila ncha kabla hajadai hela ya mwisho.

Viti vya Benzi W123 vimebonyea. Niweke sponji mpya na leza (ngozi)? (Msomaji, Ilala)

Vua kava kwanza, uangalie. Ndani kuna springi na pedi za usumba na manyoya ya farasi vilivyogandishwa kwa mpira. Ndiyo, makumbi ya nazi ndani ya Benzi. Zisipokuwa zimemomonyoka, zirudishe na uongeze sponji ngumu nyembamba tu. Sponji laini itakuzamisha. Reksini (ngozi ya bandia) ya Benzi ikioshwa kwa sabuni mara nyingi inarudi, na kwa jua letu inadumu kuliko leza. Ukienda kwa mafundi viti wa Keko, usitupe kava la zamani, ndilo kipimo. Kapeti mpya isiwekwe kabla hujamwagia kioo cha mbele ndoo ya maji na kupapasa sakafu kama panavuja.

Naweza kubadilisha rangi kutoka nyeupe kwenda kijani? (Msomaji, Mbagala)

Unaweza, ila rangi imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo nenda TRA (Mamlaka ya Mapato) wabadilishe. Askari akikusimamisha Barabara ya Morogoro na kadi inasema nyeupe, mazungumzo yatakuwa marefu.