Siku ya Tatu Mpe Jembe: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Familia za Wamisionari

Barua tatu zilizojibiwa hapa zinatoka Nakuru, Vihiga na Kisumu, nazo zinahusu familia zinazohama nchi yao kwa ajili ya kazi ya Injili. Nimetumia nafasi kubwa kwa ile ya kwanza, kwa sababu maswali yake niliwahi kuyauliza mwenyewe nikakosa wa kunijibu.

*Mama Mchungaji, salamu katika jina la Bwana. Mume wangu ni tabibu katika zahanati hapa Nakuru, nami ni mwalimu wa shule ya msingi niliyeajiriwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu. Kanisa letu limeamua kututuma Sudan Kusini, upande wa Kapoeta, kwa miaka mitatu. Mume wangu atatibu na kuhubiri, nami nitasaidia akina mama. Tuna msichana wa miaka 13 aliye Gredi ya 8, mvulana wa miaka 9 na kitindamimba wa miaka 4. Mume wangu anasema kwamba mwenye imani hahesabu gharama. Sijakataa kwenda, ila nina hofu juu ya kazi yangu, masomo ya watoto na pesa, maana tulichoahidiwa ni "kadiri Bwana atakavyojalia". Nikiyasema haya mbele ya wazee, je, sitaonekana nampinga Mungu? — Mama Watatu, Nakuru*

Mpendwa dada, aliyetufundisha kuhesabu gharama ni Bwana Yesu mwenyewe, katika Luka 14, aliposema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara kwamba huketi kwanza akapiga hesabu, asije akaweka msingi kisha akashindwa kumaliza. Usome mlango huo pamoja na mumeo, kwa upole, kisha keti naye mhesabu. Wala usiogope wazee. Maswali yako matatu ndiyo ambayo kamati ya misheni ilipaswa kuyauliza kabla hata ya kuyataja majina yenu kanisani.

Mimi na mume wangu tuliishi upande huohuo kwa miaka minne, tukiwa na watoto wawili, hadi mapigano yalipozuka Juba Julai 2016 na kusambaa Ikwatoria, eneo la kusini mwa nchi hiyo, tukalazimika kutoka kwa barabara kupitia mpaka wa Nadapal hadi Lokichoggio, upande wa Kenya. Kwa hiyo ninayokuandikia mengine ni ya kujifunza kwa machozi.

Nianze na jambo ambalo hukuliuliza. Umeandika kwamba utasaidia akina mama. Utawasaidia kufanya nini, na nani amekuambia kwamba wanahitaji msaada huo? Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na sisi tunapoitaja methali hii huwa tunamfikiria mgeni mvivu. Huko nilikokaa niliielewa kwa namna nyingine: anayetoa jembe ni mwenyeji. Mwenyeji ndiye ajuaye shamba liko wapi, mvua inakuja lini na palizi inahitajika mstari gani. Mimi nilikwenda na jembe langu mwenyewe, yaani cherehani mbili na mpango wa darasa la akina mama kila Jumanne, ulioandikwa vizuri na kupitishwa na kamati. Jumanne tatu mfululizo nilikaa peke yangu chini ya mti. Ya nne, jirani yangu alikuja na jerikeni mbili tupu, akanipa moja, akanishika mkono hadi kwenye pampu ya maji, ambako niliwakuta wanawake wote niliokuwa nikiwangoja, wamepanga foleni tangu alfajiri. Jerikeni ile ndiyo iliyokuwa jembe langu. Kwa karibu mwaka mzima kazi yangu ya umisionari ilikuwa kuchota maji, na kwenye foleni ile ndipo nilipojifunza lugha, nikajua nani amefiwa, nani mtoto wake hanyonyi, na nani asiyependa kabisa kuombewa hadharani. Cherehani zilipata kazi baadaye, walipoziomba wao.

Kwa sababu hiyo, ombeni kanisa liandike wazi kwamba mwaka wa kwanza ni wa kujifunza lugha, na kwamba hamtadaiwa ripoti ya idadi ya waliookoka wala ya vikundi vilivyoanzishwa. Watoposa wa Kapoeta ni wafugaji, na lugha yao iko karibu sana na ile ya Waturkana, ilhali Kiarabu cha Juba ndicho kinachounganisha makabila sokoni. Hamhitaji kungoja mvuke mpaka ndipo muanze. Nakuru, kama Eldoret na Kitale, ina familia nyingi za Sudan Kusini zilizokuja kutafutia watoto wao masomo na usalama. Mtafute mama mmoja miongoni mwao, umwombe akufundishe Kiarabu cha Juba mara mbili kwa juma, umlipe kama unavyotaka wewe ulipwe kwa kufundisha, na umsikilize anapokueleza habari za kwao. Nitasikitika sana nikisikia kwamba mlivuka mpaka kuwatafuta watu ambao mlikuwa mkipishana nao sokoni pasipo kusalimiana.

Sasa kazi yako. Andikia TSC ukiomba likizo bila malipo, na usiondoke shuleni kabla ya kupata jibu la maandishi, kwa maana mwalimu anayeacha kituo bila ruhusa huhesabiwa kuwa ametoroka kazi, na barua ya mchungaji haitamtetea. Ombi likikataliwa, mtakuwa mmejua gharama halisi, nalo kanisa litapaswa kujua kwamba linaiomba familia yenu kuacha mshahara mmoja wa kudumu.

Tena dai, na neno dai nalitumia kwa makusudi, kwamba mkitumwa mtumwe wote wawili, wewe ukiwa na kazi yenye jina. Historia yetu ya magharibi mwa Kenya ina ila katika jambo hili. Emory Rees wa misheni ya Marafiki (Waquaker), aliyefika nchini mwaka 1904 na kuhudumu Maragoli, anakumbukwa kwa kazi ya kutafsiri Maandiko kwa Kilogooli pamoja na Joel Litu. Mkewe Deborah, aliyeishi naye huko miaka ileile akiwafundisha wanawake na wasichana, hutajwa kwa nusu sentensi, ikiwa anatajwa. Wewe ni mwalimu aliyehitimu. Usikubali kuandikwa kama mzigo wa mumeo.

Kuhusu pesa, "kadiri Bwana atakavyojalia" ni sala nzuri, lakini si bajeti. Sisi tulitumwa kwa maneno kama hayo, baada ya harambee kubwa na nyimbo na machozi, na mwezi wa kumi na nne posho ikakoma. Hakuna aliyetuchukia, katibu wa kamati alibadilishwa, na aliyekuja hakutujua. Tuliishi miezi mitano kwa mtama na maziwa ya majirani, watu waliokuwa na kidogo kuliko sisi. Namshukuru Mungu kwa ajili yao, lakini haikuwa haki wao kubeba mzigo ulioahidiwa kubebwa na kanisa la Kenya. Kwa hiyo takeni waraka uliotiwa sahihi wenye posho ya kila mwezi, matibabu, karo, nauli ya kurudi nyumbani mara moja kwa mwaka, michango yenu ya SHA (bima ya afya) na NSSF (akiba ya uzeeni), na akiba ya kuwatoa huko ghafla, ambayo haitaguswa kwa jambo lingine lolote. Andikeni pia ni nani mwenye mamlaka ya kusema "tokeni leo". Mwaka 2016 tulipoteza siku mbili tukisubiri kikao kikae, tukisikia habari mbaya kila saa redioni.

Watoto ndio walionifanya niisome barua yako mara tatu. Kitindamimba atajifunza lugha kabla yenu na atawaongoza sokoni. Kwake yeye hofu kubwa ni malaria, kwa sababu amelelewa Nakuru, mahali pa juu na pa baridi ambapo ugonjwa huo ni nadra, na mwili wake haujauzoea. Mumeo anajua hayo kuliko mimi, lakini matabibu nao husahau vyandarua vya nyumbani kwao. Mvulana wa miaka 9 unaweza kumfundisha mwenyewe jioni, huku asubuhi akienda shule ya kijijini pamoja na wenzake, maana akikaa ndani peke yake na vitabu vya Kenya ataichukia Kapoeta, na pengine ataichukia Injili pamoja nayo.

Ninayemhofia ni msichana. Mfumo wa Sudan Kusini ni wa miaka minane ya msingi na minne ya sekondari, kama ule tuliouacha sisi Wakenya, na hautaungana na masomo yake. Mwaka ujao atafanya tathmini ya KJSEA, ile ya kumaliza sekondari ya chini katika Gredi ya 9. Maoni yangu ni kwamba muwaombe wazee waahirishe safari hadi aimalize na kupata nafasi katika sekondari ya juu, kisha asome bweni Kitale au Eldoret, akija kwenu wakati wa likizo. Kapoeta ilikuwapo kabla yenu, na mwaka mmoja mtautumia katika lugha. Ila kabla ya kuamua lolote, mwiteni akae nanyi, mmuulize, nanyi mnyamaze hadi amalize. Binti yangu alikuwa wa umri huohuo. Hatukumuuliza, tulimtangazia. Alikuwa na miaka 22 aliponiambia kwamba siku ile kanisani, walipotuwekea mikono, alikuwa akiomba gari liharibike.

*Mimi ni nyanya wa Vihiga. Mjukuu wangu wa miaka 11 amerudi na wazazi wake baada ya miaka sita ya utumishi Zambia. Hajui Kilogooli, usingizini huzungumza Kibemba, na akiulizwa kwao ni wapi hujibu Ndola. Kila Jumapili huitwa mbele aimbe nyimbo za huko, na akitoka hapo hujifungia chumbani. Je, wamempoteza? — Nyanya, Vihiga*

Mama, shikamoo. Hajapotea. Ana huzuni, na huzuni yake ni ya kweli, kwa sababu wazazi wake wamerudi kwao lakini yeye amehama kwao. Watu wazima walipewa ibada ya kuagwa na ya kupokewa. Mtoto aliambiwa tu kwamba sasa tunakwenda nyumbani, akateremshwa mahali ambapo hajui hata njia ya mtoni.

Mwombe mchungaji, wewe mwenyewe kwa umri wako maana hatakukatalia, aache kumwita mbele ya watu. Wazazi wampe nafasi ya kuzungumza na rafiki zake wa Ndola kwa simu kila juma. Nawe muulize walikuwa wakila nini. Nshima ya huko ni ndugu ya obusuma wetu, yaani ugali, na wana mboga zinazopikwa kwa karanga za kusaga, ziitwazo ifisashi. Mwambie akufundishe kuzipika, yeye akiwa mwalimu na wewe mwanafunzi ukichuma majani na kuchochea moto. Kila chombo jikoni mwako kitahitaji jina, nawe utamtajia kwa Kilogooli, naye atakutajia kwa Kibemba. Usimsahihishe sana. Na watoto wa jirani wakimcheka matamshi, waite nao waje wasage karanga.

*Mimi ni kijana wa Kisumu, nimeokoka, lakini neno mmisionari hunikera. Kwetu mmisionari ni mzungu mwenye nyumba ya mawe na gari. Sisi tunapojiita wamisionari, je, si kuiga? — Kijana, Kisumu*

Mwanangu, swali lako ni la haki, kwa kuwa nyumba za mawe zilikuwapo na umbali uliotokana nazo ulikuwapo. Lakini kumbukumbu imekuficha watu. Novemba 1906 Waadventista walipoanza kazi Gendia, karibu na Kendu Bay, Arthur Carscallen wa Kanada hakufika peke yake. Alikuwa pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, nchi tuiitayo leo Malawi. Waluo wa Gendia walipompokea mmisionari mgeni kwa mara ya kwanza, mmoja wa wageni hao alikuwa Mwafrika aliye mbali na kwao kama wewe utakavyokuwa ukitumwa. Miaka kumi kabla yao, mwaka 1896, Apolo Kivebulaya alikuwa ametoka Uganda kwenda Mboga, katika Kongo, akapigwa na kufungwa, akarudi tena, akahudumu hadi alipofariki mwaka 1933. Hakuwa na nyumba ya mawe, wala mke na watoto, na nadhani ndiyo maana mifano yake haitoshi kumjibu yule dada wa Nakuru.

Kwa hiyo kinachokukera si neno, ni nyumba, na nyumba inaweza kuachwa. Panda gari siku moja kupitia Ahero na Katito hadi Kendu Bay, ufike Gendia ujionee. Carscallen aliandika sarufi ya Dholuo, na hakuna mgeni aandikaye sarufi pasipo kufundishwa na wenye lugha. Waulize wazee wa huko ni akina nani waliomfundisha. Ukipata jina la hata mmoja wao, niandikie, nami nitalichapa katika ukurasa huu.