Maswali ya Wasomaji: Daraja la blokicheni, funguo anazo nani?

SWALI: Nikihamisha sarafu kutoka mtandao mmoja wa blokicheni (daftari la pamoja la miamala) kwenda mwingine kupitia daraja, kinachosafiri ni nini hasa? Na wezi hupenyea wapi?

JIBU: Hakisafiri kitu. Kwa kawaida sarafu zako hufungiwa kwenye mkataba mahiri (programu inayojiendesha ndani ya blokicheni) upande huu, na upande wa pili hutolewa tokeni mpya ya kuziwakilisha, mfano wa stakabadhi ya ghala. Mzigo ukiibwa ghalani, unabaki na karatasi.

Mtandao wa pili hauoni yanayotokea kwenye wa kwanza. Lazima uletewe habari kwamba sarafu zimefungwa kweli. Mwizi humlenga huyo mleta habari. Daraja la Ronin lilikuwa na wathibitishaji (waleta habari hao) 9, na sahihi 5 zilitosha kuidhinisha malipo. Machi 2022 wezi walipata funguo 5 za siri za kutilia sahihi, 4 kati yake zikiwa za kampuni moja, wakachota etha (sarafu ya Ethereum) 173,600 na USDC (sarafu inayofuata thamani ya dola) milioni 25.5. Wizi ulijulikana siku 6 baadaye, mteja aliposhindwa kutoa fedha zake. Kwa hiyo usiishie kuuliza sahihi ni ngapi. Uliza pia kama wenye funguo ni watu mbalimbali kweli.

SWALI: Tunajenga daraja letu. Tukague nini kabla ya kulifungua?

JIBU: Msitoe tokeni kabla muamala haujafika pasipo kurudi nyuma. Kwa Bitcoin, desturi ni uthibitisho 6, yaani bloku (mafungu ya miamala) 6 kuanzia ile yenye muamala wako, kama saa moja. Kwa Ethereum, ni kama dakika 13 mambo yakienda sawa. Mkiharakisha na bloku yenye muamala ikafutwa, mmetoa stakabadhi ya ghala tupu. Kila ujumbe ubebe kitambulisho cha mtandao unakotoka, cha unakokwenda, na namba yake ya pekee, la sivyo ujumbe mmoja utalipwa mara mbili.

Linalosahaulika mno ni sifuri. Katika daraja la Nomad, sasisho moja liliifanya sifuri kuwa mzizi halali (mzizi ni alama inayothibitisha kundi zima la ujumbe). Ujumbe ambao haujathibitishwa nao husomeka kuwa na mzizi wa sifuri, basi kila ujumbe ukapita. Agosti 2022 watu walinakili muamala wa mwizi, wakabadilisha anwani tu, na takriban dola milioni 190 zikayeyuka. Tumeni ujumbe usio na uthibitisho wowote, muone kama unakataliwa. Rudieni kila mnaposasisha programu. Wekeni pia kikomo cha kutoa kwa saa.

SWALI: Je, tunaweza kubadilishana sarafu bila daraja?

JIBU: Ndiyo, kwa kufuli la hashi na muda (hashi ni alama inayokokotolewa kutoka kwenye data, isiyoweza kurudishwa kuwa data hiyo). Anayeanza huchagua siri, hufunga sarafu zake kwa hashi ya siri hiyo, tuseme kwa saa 48. Mwenzake hufunga zake kwa hashi ileile, kwa saa 24. Wa kwanza akitumia siri kuchukua za mwenzake, siri hufichuka, na wa pili huitumia kuchukua zake. Msiweke muda sawa: mwanzilishi atangoja hadi dakika ya mwisho, achukue za mwenzake, kisha muda uishe na zake zimrudie.